Mashine ya Kaseti Ndogo

"Tata Nkulu, kamata iyi, acha ile," Tshilombo alinong'ona, na hapo hapo Nkulu akajua anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Mashine mbili za video zilikuwa chini, kwenye vumbi la stesheni ya Kolwezi. Moja ya kaseti kubwa, moja ya kaseti ndogo. Tshilombo, mpiga video wa harusi na ubatizo mtaani kwao, alikuwa anafukuzwa Katanga pamoja na Wakasai wenzake, warudi mkoa wao wa Kasai. Treni ilishafika, na wanawe hawakuwa na chakula cha njiani. Nkulu alikuwa na gunia moja la unga, la mwisho, kutoka shamba la marehemu mkewe Henriette, aliyefariki Rachelle wao akiwa bado ananyonya. Mshahara wa mgodini ulikuwa umekatika. Alitaka mashine moja tu, aonyeshe filamu kwa kiingilio, watoto wake wapate kula. Akikosea, ndiyo basi. Na umeme wa kujaribia haukuwepo.

Tshilombo aliisifu ile ya kaseti ndogo: picha yake safi, hata unywele unauona. Tena akaapa kwamba ya namna hiyo haijabaki nyingine mjini. Ebo! Kama ni ya mwisho, kaseti zake mtu atakodi wapi? Kubwa zimejaa kila kona. Sokoni Nkulu alikuwa na kanuni yake: muuzaji akisifu hiki, yeye hununua kile. Na huyu, kwa jinsi Wakatanga walivyomtendea, angekosaje sababu ya kumwachia Mkatanga kama Nkulu kitu kibovu?

"Juu ya nini unanong'ona?" akamuuliza.

Tshilombo akawatazama vijana wenye fimbo, waliokuwa wakimpiga yeyote aliyeonekana rafiki wa Wakasai. Akafungua kinywa aseme. Nkulu hakumpa nafasi. Alisukuma gunia mbele, akabeba ile ya kaseti kubwa.

Tshilombo akanywea. Treni ilipoanza kusogea alimrushia Nkulu kifurushi dirishani, kimefungwa kwa kipande cha kitenge. "Ni yako, tata. Niliipata wakati ya kufunga bintu."

Waya, Nkulu aliwaza, au takataka nyingine. Nyuma yake vijana waliiponda kwa mawe mashine iliyobaki. Hakugeuka hata kidogo. Moyoni alijipongeza.

Nyumbani, mchana ule ule, umeme ulikuwepo. Aliazima kaseti kwa jirani, akaitia, na picha ikatoka bila kasoro. Nkulu akacheka hadi machozi: mjanja kapatikana!

Ndipo akakumbuka kifurushi. Ndani mlikuwa na kaseti. Akaisukuma kwenye mashine, ikapwaya kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Akaitoa, akaigeuza. Ubavuni palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Tshilombo:

"Mama Henriette anamwimbia Rachelle, siku ya ubatizo."