Milio Mitatu kwa Bibi Harusi

Mlio wa kwanza uliangusha vigae viwili vya banda la kuku na kumrusha jogoo juu ya mtofaa, lakini dirisha la bibi harusi likabaki giza.

"Kalala fofofo," alisema Korbinian, mtunza baruti, akikohoa ndani ya kofia yake.

"Ataamka," alisema Mzee Vitus. "Futa mtutu, Sepp!"

Wahenga walisema aliyelala usimwamshe. Wapiga mizinga wa Hinterdobl hawakuwepo siku waliposema. Kwao, alfajiri ya harusi, mzinga huburutwa hadi chini ya dirisha la bibi harusi na kupigwa, baruti tupu bila risasi, mpaka mwenyewe awashe taa. Milio mitatu, basi. Na tangu Mzee Vitus awe mkuu wa chama chao, hakuna bibi harusi aliyeuvuka mlio wa pili. Mzinga wake aliuita Walburga, jina la mama mkwe wake, kwa kuwa wote wawili walinguruma kabla ya kifungua kinywa.

Leo aliyekuwa akiamshwa ni Vreni, mjukuu wake wa damu. Vreni alikuwa ameomba kujiunga na chama, akaomba tena, akaomba tena, na kila mara babu yake alimkatalia. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye baa, mbele ya kijiji kizima. Mzee alipiga meza bia zikamwagika: "Mahali pa mwanamke ni dirishani, anaamshwa! Siku nitakayoshindwa kumwamsha bibi harusi, kamba yangu ya kufyatulia mpeni hata mwanamke!"

Watu wakagonga vikombe. Na Hinterdobl, neno likishagongewa vikombe, halirudi tena mdomoni. Vreni hakubishana. Alimwagizia babu yake bia nyingine.

"Sepp, we! Umesikia?" Mzee Vitus alirudia pale chini ya dirisha.

Sepp alikuwa ameshaanza kufuta. Ukungu ulikuwa mzito kama uji, na macho ya Mzee Vitus hata penye jua yalikuwa ya kubahatisha, lakini ufupi ule wa Sepp ulionekana tu. Skafu ilimzunguka taya hadi puani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Jino linamuuma, Korbinian alikuwa ameeleza, asisemeshwe.

"Jino limeweza kumnyamazisha," alisema Mzee Vitus. "Mkewe kashindwa miaka yote."

"Na kaoga pia," alisema Korbinian. "Ananukia sabuni. Kweli leo kuna harusi."

Kitambaa kibichi kiliingia mtutuni kikatoka, dole gumba limeziba tundu la moto ili hewa isipenye kuamsha cheche iliyojificha. Mzee Vitus akatoa macho. Dole gumba hilo Sepp alilisahau kila wiki, na kila wiki alitukanwa! Kisha kifurushi cha baruti kikateremshwa na kushindiliwa kwa mkono mwepesi, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Kumbe ukiumwa jino unakuwa mtu!" alisema mzee. "Ningejua, ningekupiga ngumi ya taya zamani."

Sepp akainama, mabega yakimtikisika. Maskini, maumivu hayo.

Mzee Vitus akavuta kamba. Walburga akanguruma bonde zima. Mbwa wakalia, na padri, nyumba ya tatu, akaianza asubuhi yake kwa neno lisilokuwemo katika sala.

Dirisha, giza.

"Pengine katoroka," alisema Korbinian.

"Mjukuu wangu hawezi kutoroka. Nguruwe keshachomwa."

"Basi pengine kafa."

"Funga domo, Korbinian! Sepp, sasa tia vifurushi viwili."

Sepp akatikisa kichwa. Akainua kidole kimoja.

Kifurushi kimoja, hakizidi. Sheria hiyo Mzee Vitus aliiweka mwenyewe, asije Walburga akapasuka na kuwagawa vipande. Aliwaimbia vijana wote, aliwaimbia hata wajukuu walipokuwa wakicheza farasi juu ya mtutu.

"Sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Leo wewe ndiye mwalimu."

Kimoja kikaingia, kikashindiliwa. Mzee akaishika kamba, lakini hakuivuta. Akiivuta vibaya, mlio wa mwisho umekwenda, na heshima yake nyuma yake.

"Shika wewe, Sepp," alisema. "Mkono wako leo una baraka."

Akaiweka kamba katika kiganja chenye glavu. Sepp akasimama kando ya gurudumu, mahali hasa panapotakiwa, akavuta.

Oo! Ulikuwa mlio wa kuwekwa kwenye fremu. Theluji ilimwagika kutoka paa la ghala na jogoo akaanguka kutoka mtini.

Na dirishani, taa ikawaka.

"Kaamka!" Mzee Vitus alirusha kofia yake juu. "Mmeona? Kaamka! Mwanamke dirishani! Nani alisema Vitus kazeeka?"

Pazia likavutwa. Dirisha likafunguliwa. Kikatokea kipara, kisha masharubu, kisha shati la kulalia, na taa ya bibi harusi mkononi.

"Vitus!" Sepp mwenyewe alipiga kelele kutoka juu, akipiga miayo. "Mbona leo mmechelewa kuanza?"

Mzee Vitus akageuka polepole. Kando ya gurudumu, mwenye kamba alikuwa amevua skafu, sasa anavua kofia, na chini ya kofia kilijaa kichwa kizima cha rola za nywele.

"Shikamoo, Babu," alisema Vreni. "Kamba yangu niende nayo kanisani, au utanishikia?"