Sura ya Bibi Kwenye Tovuti

Pikapu ilikuwa imeshaiacha Kondoa nyuma, na Mwanjaa bado alikuwa akimfunga binti yake Siwema kitambaa usoni. Mimi, mpangaji wao, nilipanda pia, maana miguu yangu haijui kukaa.

Siku hizi mwenye picha ndiye mwenye sura iliyomo, na kamera za barabarani zinamlindia mali yake. Mwanjaa aliweka kwenye tovuti ya mgahawa wake picha ya marehemu mama yake, aliyeuanzisha. Picha ilipigwa studio, studio ikauzwa, na kampuni iliyoinunua ikadai haki yake. Mwanjaa akaona atawaelewesha tu. Akamchukua Siwema mpaka ofisini kwao.

“Kaka, yule ni mama yangu mzazi,” akamwambia karani. “Mtazame mjukuu wake. Si yuleyule?”

Karani akaitazama picha, akamtazama mtoto. “Yuleyule kabisa, mama. Basi na huyu ni wetu.”

Tangu hapo Siwema hakuruhusiwa kuonekana nje bila leseni, na leseni mgahawa usingeimudu.

“Babu, tuendako hakuna kamera?” akaniuliza njiani.

“Nilipopita sikuziona.”

“Babu huyu hata ng’ombe hamwoni,” mama yake akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Kamera zilifika huko mwaka uliofuata. Mgahawa ulifungwa. Mwanjaa anauza mkaa. Mimi nilihama tena. Siwema aliolewa na mtu mwema, akakataa kuzaa.