Leso Dirishani

Nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya daktari asubuhi hiyo, na mgongo haukuwa na habari navyo.

Nikafunga ncha ya leso kwenye chuma cha dirisha, nikabana ile nyingine kiunoni, nikaanza kujizungusha polepole kuelekea dirishani. Leso ikikaza mgongo vizuri, naweza hata kupika. Zamani mume wangu ndiye aliyeivuta, mguu mmoja ameukaza kwenye kitanda. Tangu nimzike navutwa na chuma, na chuma hakijui mahali panapouma.

Nilikuwa nimebakisha mzunguko mmoja mawingu ya El Nino yalipofunika Kitengela yote, chumba kikawa giza. Nje, wanawake wa ploti wakakimbilia kamba za nguo.

"Mama Kyule! Leso yako itanyeshewa!" Alikuwa jirani wa chumba cha tatu. Miaka minne tumesalimiana tu pale kwa mfereji. "Wacha nikuanulie!"

Kabla nijibu, mkono wake ulishapita katikati ya vyuma na kufungua fundo. Akavuta.

"Kwani imeshikwa na nini?" Akavuta tena, kwa nguvu, kama mtu anayetoa ndoo kisimani.

Leso ikanikaza palepale panapouma. Nikashusha pumzi ambayo sikuwa nimeipata tangu matanga.

Mvua ikaanza kugonga mabati.

"Mama Kyule, ni wewe uko hapo ndani? Mimi naloa. Niachilie?"

"Usiachilie," nikamwambia. "Shikilia tu. Shikilia kidogo."