Nungunungu Akokotoa Kamba

Mto ulianza kubomoa ukingo. Wanyama wakamwita Punda avute magogo mawili yaliyounganishwa kwa kamba, wakazibe palipobomoka. Nungunungu, bingwa wa hesabu, akakokotoa na kutangaza kuwa kamba itahimili.

"Lakini bwana, magogo yanakwaruza chini," alisema Punda.

"Msuguano nimeupuuza. Vuta!"

Punda akavuta. Kamba ikakatika.

"Hesabu haina kosa," alisema Nungunungu. "Kosa ni la ardhi."

Akaamuru kamba ifungwe upya, na konokono wote wapake ute njia nzima. Punda akavuta tena. Kwato zikateleza, akaanguka kifudifudi. Magogo hayakusogea hata inchi moja.

"Mnaona?" Nungunungu akashangilia, maji yamemfika shingoni. "Kamba imehimili!"