Dume la Jirani

Dorina aliporudi kutoka kwa dada yake mjini Brăila, alimkuta kware wake jike amejibanza pembeni mwa kizimba, utosi umenyofolewa manyoya hadi damu. Dume aliyekuwa naye si yule wake wa miaka mitatu.

"Yule alizidi kelele alfajiri," mumewe alisema, akitafuna mkate. "Nimebadilishana na jirani. Dume ni dume tu, mama."

Dorina alimweka jike kifuani. Kimoyo chake kilidunda kama cherehani.

"Ni dume tu, eti?" Alimsukumia mumewe yule dume mgeni mikononi. "Mrudishe, uniletee wangu. Ukirudi mikono mitupu, lala huko huko, na mimi nitabadilisha dume."

Mumewe akacheka. Alipomtazama usoni, kicheko kikamkauka.

Alitoka na soksi tu miguuni, dume mkononi. Nyuma yake, komeo lilishuka.