Waya Kwenye Kona

Pancha ilimwokoa Ersilia. Alikuwa amewatangulia wenzake, akiteremka kilima cha mizabibu kwa miguu, akikokota baiskeli, alipouona waya umevutwa toka mzeituni hadi mzeituni, umeikata barabara ya changarawe usawa wa shingo ya mwendesha baiskeli.

Mlinzi wa shamba alikuwa bado anaukaza kwa koleo.

"Mjomba, ukate. Wenzangu wako nyuma."

"Nikiukata, kesho nitakula kwako?"

Mdogo wake Ersilia ndiye aliyeongoza msafara wa baiskeli uliokuwa ukija, na kwake kushika breki ni aibu.

"Kokoto hizi aliziponda baba yako kwa nyundo. Tajiri wako kanunua kilima, njia yetu hakuinunua."

"Huku hakupiti gari, binti. Nani atauliza?"

Waya ulikuwa mpya, mwembamba. Tone la umande lilitambaa juu yake, likasita katikati, likadondoka.

Juu ya kona, changarawe ikaanza kulia chini ya matairi.

Ersilia akaitupa baiskeli, akapanda mbio hadi kwenye kona, akasimama katikati ya njia, mikono kaitanua.

"Toka hapo, binti," mlinzi akaita, koleo bado mkononi. "Watakuua."