Jina Kifuani mwa Koti

Bi Tunu alilitambua lile koti jekundu kabla halijafika kwenye meza yake ya kushonea. Ni la meneja wa timu ya magari ya mashindano, na ni hilo hilo moja mameneja wanalorithishana. Kwa miaka miwili alikuwa ameshafumua majina manne kifuani mwa koti hilo. Alikwishachoka nalo. Siku hizi alishona kwa uzi mmoja tu, ili kufumua kuwe rahisi.

“Nani tena safari hii?” aliuliza bila kuinua kichwa.

“Mimi,” akajibu Semboja.

Akainua kichwa. Semboja alikuwa fundi wa injini wa timu hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mameneja wote walimkuta pale, na wote walimwacha pale.

“Wakikutoa, watakurudisha kwenye injini zako?”

“Hawarudishi mtu, Bi Tunu. Shona juu juu tu, usijichoshe.”

Bi Tunu alikata uzi mrefu, akaukunja mara mbili, akaupaka nta, akaanza herufi ya kwanza. Sindano ilipopita mara ya tatu, kitambaa kilichojaa matundu ya sindano kikaanza kuachia. Akakibana kwa kidole gumba, akaendelea kushona.